Mulima Mukonde na ile labda yako

Mwavita, mama yangu,

Ninakuita mama kwa sababu jina lenye unabeba ni la mama yangu, na yeye peke yake katika dunia hii aliweza kuninyamazisha. Wewe ni wa pili. Lakini ku karatasi huwezi kunikata maneno, basi leo nitasema mpaka mwisho.

Jua bado iko juu ya bati za musikiti. Mama yako amekwisha kukuambia habari ya maji ya kuchemsha, ya mizigo, ya watu wa treni kule Kongolo, ya kukaa karibu na wanawake wenye watoto, ya swala. Nilikuwa pale, nilisikia yote. Kama kuna kitu Salima amesahau, basi kitu hicho hakiko. Mimi sitarudilia. Mimi nataka tuongee juu ya mulima Mukonde.

Najua umeguna. Soma tu.

Unaenda Lubumbashi kusoma milima, na wewe mwenyewe uliniambia kwamba Lubumbashi hakuna mulima wa maana. Watu wa barza waliniuliza jambo hili. "Ramazani, mutoto anaacha milima hapa, anaenda kuisoma pahali haipo?" Niliwajibu vizuri sana. Nilisema: ninyi mumekaa chini ya milima tangu kuzaliwa, ni nani kati yenu ameona mugongo wa mulima? Kuna mashine inazunguka dunia, juu kupita ndege, juu kupita mawingu, pahali hewa yenyewe inaisha. Inapiga foto ikipita, na siku zikipita inarudi juu ya pahali pale pale, inapiga tena. Mwanangu ataweka foto ya kwanza na ya pili pamoja, na kama mulima wa moto wa Goma umevimba hata upana wa kidole, ataona, yeye akiwa amekaa ku kiti Lubumbashi anakunywa chai.

Mu Kasongo nzima hakuna mutu anaeleza satelite kunipita. Ni wewe ulinifundisha, lakini mimi naeleza vizuri kuliko wewe, kwa sababu wewe unaweka "labda" na "inaonekana" kila pahali, na watu wanachoka kungoja.

Maulizo bado ninayo mengi. Uliniambia kuna mashine yenye inaona joto, hata usiku, na mulima wenye moto ndani unaonekana sawa kaa la makala mu majivu. Sawa. Kisha ukaniambia kuna ingine haina haja ya jua hata kidogo. Hiyo inatupa kitu chini, sawa mutu anayepiga kelele mu bonde na kungoja sauti irudi, na inapita mu mawingu. Nikakuuliza: mawingu ya kwetu, yale ya mwezi wa kumi na moja, yenye mutu haoni hata choo chake? Ukasema: hata hayo, baba. Tangu siku ile nikiona mawingu nayacheka kidogo. Lakini sijaelewa ni nini kinatupwa, na kwa nini hakitupigi ku kichwa. Ukifika uliza, kisha uniandikie.

Sasa Mukonde.

Wewe ulizaliwa ukakuta watu wananiita Muzee Volkano. Ulifikiri ni jina la heshima, na mimi sikukukatalia. Ilikuwa hivi. Wakati nilikuwa na nguvu, nilichimba zahabu upande wa Lusangi, kisha nikasonga mbele kwa njia ya Kabambare mpaka chini ya Mukonde. Muchimbaji wa kunipita hakuwako. Mulima ule ni wa muviringo, umesimama peke yake, miti imeufunika mpaka juu. Chini yake maji yanatoka yakiwa ya moto. Wanawake wa pale waliloweka mihogo mu maji yale, inalainika upesi kupita pahali pengine pote, na sisi wachimbaji tulioga jioni mpaka bulongo yote ya shimo inatoka mu ngozi. Niliupanda Mukonde siku ya ukungu. Kule juu niliona kibonde kidogo chenye matete, na nilisikia mulima unapumua. Maji ya moto chini, kibonde juu, mulima wa muviringo. Mutu mwenye akili anaunganisha. Niliunganisha, nikashuka, nikawaambia watu wa machimbo kwamba huu ni mulima wa moto, umelala tu.

Kisha siku moja, muchana, ardhi ilitetemeka. Sufuria zilicheza juu ya mafiga. Nilitoka mu shimo nikipaaza sauti: volkano inaamuka. Hakuna mutu aliniuliza nimeona nini. Mimi nikisema, watu wanafuata, ndivyo Mungu aliniumba. Machimbo yote yalivuka muto, na watoto, na kuku, na mwanamuke mumoja amebeba sufuria ya mboga ya sombe ku kichwa, ingali inafuka. Tulikaa ng'ambo tunatazama Mukonde. Mukonde haukufanya kitu. Wakati tulirudi, tulikuta wachimbaji wengine wamekwisha kuingia mu mashimo yetu, na wakasema shimo lenye mwenyewe amekimbia ni la mwenye kulikuta. Jina langu lilianza siku ile.

Kati ya wenye walivuka nyuma yangu alikuwa Assani, kijana wa upande wa Fizi, alikuja kutafuta zahabu sawa wote. Baadaye alioa pale pale, akaacha kuchimba, akalima. Nyumba yake iko chini ya Mukonde mpaka leo, karibu na maji ya moto. Ukumbuke Assani, kwa sababu nitarudi kwake.

Nilirudi Kasongo na lile jina likanifuata mpaka sokoni. Ningefanya nini? Nililivaa. Watu wakicheka, mimi ninaeleza zaidi. Na jioni nilikuhadithia wewe, kwa sababu kaka zako walisinzia. Wewe hukusinzia. Uliniuliza: "Baba, kama mulima unalala, moto unaenda wapi?" Uliniuliza: "Wenye kulala na wenye kufa, unajuaje kama ni gani?" Nilijibu yote, bila kusita, na sikujua jibu hata moja. Majibu yangu hayakukutosha, ukapeleka maulizo shuleni, na walimu nao hawakukutosha, na sasa maulizo yale yale yanakupeleka Lubumbashi. Basi safari yako inatoka mu mudomo wangu. Hilo nataka lijulikane.

Likizo yenye imepita ulirudi kutoka shule na foto mu telefone. Ulisema: "Baba, huu ndio Mukonde, kutoka juu." Nilivaa miwani ya mama yako. Niliona muto, sawa uzi umeanguka chini. Niliona mabaka mekundu ya machimbo. Na pale katikati niliona shimo, la muviringo, limezama, na giza upande mumoja wa ndani.

"Huu ndio mudomo wa nyungu," nilisema. "Nilisema nini mimi, miaka hii yote? Salima, kuja uone."

Mama yako alikuja na mikono ya unga. "Ninaona kitovu," alisema.

"Ni mudomo wa volkano."

"Hata kitovu kina mudomo?"

Wewe hukucheka. Ulimtazama mama yako, ukatazama chini, kisha ukasema polepole: "Labda, baba."

Siku zenye zilifuata ulifanya vitu vyenye sikuvielewa. Ulichukua lungo la kupepetea, ukamwaga unga wa muhogo, ukajenga kilima kimoja na ukachimba shimo moja kando yake, ukafunga dirisha, ukamulika kwa telefone kutoka upande. Ulisema macho ya mutu yamezoea mwangaza kutoka juu, na mu foto yanafikiri jua iko ile pande ya juu. Lakini kuna miezi ile mashine inapita asubuhi na jua inatoka pande ya chini ya foto, basi macho yanadanganyika, yanaona bonde pahali pa kilima na kilima pahali pa bonde. Ulinizungusha kando ya lile lungo. Mama yako akasema: "Ninyi watu wa milima, ule unga ni wa bugali." Mimi nilisema vizuri sana, mutoto amesoma. Nilifikiri unaniambia mambo ya Goma.

Kisha ulinionyesha foto ya mulima wa inchi ya mbali. Chini yake maji ya moto yanatoka sawa kwetu. Ulisema mulima ule haujakuwa na moto hata siku moja. Mvua inashuka mu nyufa za ardhi, mbali sana chini, inakuta joto la kule, inarudi juu. Niliwahurumia watu wa inchi ile. Nilisema: masikini, hawana volkano.

Nikitembea mu soko, ile labda yako ilikuwa imekwisha kuota nyama. Kwa muuza chumvi nilisema mwanangu anafikiri ni volkano. Ku musikiti nilisema ameona. Ku barza nilisema satelite imehakikisha. Na maneno ya Kasongo hayana haja ya barabara nzuri, yanafika Kabambare mbele ya pikipiki. Assani akanipigia telefone.

"Muzee, ni kweli mwanako ameuona moto wa Mukonde?"

"Ameona mudomo wake."

"Sasa mimi nifanye nini na watoto?"

Nilimuambia: anza kutafuta pahali pengine, ng'ambo ya muto. Nilisema kwa sauti ya mutu mwenye kujua, nayo ndiyo sauti moja tu yenye niko nayo.

Sasa nikuambie jambo lenye hujui. Ile siku uliniachia telefone yako ukaenda kuaga kwa shangazi yako, Sumaili alikuja kukaa nami. Unamujua Sumaili, jirani yetu, muuza baisikeli, mutu mwenye anabisha hata adhana. Telefone ilikuwa imelala ku mukeka katikati yetu, mimi upande huu, yeye upande ule. Nilimufungulia foto.

"Mulima huu umesimama vizuri," Sumaili alisema.

"Mulima gani? Ni shimo."

"Ramazani, mimi niko na macho. Ni mulima, sawa titi."

"Ni shimo, sawa bakuli. Huoni giza mule ndani?"

"Giza ni kivuli chake, ng'ambo."

"Ulikwenda Mukonde siku gani, wewe?"

"Sikwenda. Ninatazama foto yako."

Tulibishana mpaka mama yako akatoka na kusema ikiwa tunataka kupigana twende barabarani, anafagia. Nilisimama kwa hasira, nikazunguka mukeka, nikainama juu ya bega la Sumaili ili nimuonyeshe ujinga wake kwa kidole. Na Mukonde ukasimama. Mbele ya macho yangu, Mwavita. Kile kilichozama kiliinuka. Nilirudi upande wangu: shimo. Nilizunguka tena: mulima, umejaa juu, hakuna nyungu, hakuna mudomo, kuna kibonde kidogo tu sawa alama ya kidole gumba ku bugali.

Nikakumbuka lungo la unga. Nikakumbuka ile inchi ya masikini.

"Umeona?" Sumaili aliuliza.

"Bateri imeisha," nilisema, nikatia telefone mu mufuko.

Tangu siku ile Mukonde wenyewe haujanisumbua sana. Mimi nimekosea mbele ya watu mara nyingi, na mugongo wangu umezoea. Chenye kinanisumbua ni kwamba wewe ulijua. Siku ya kwanza, wakati nilisema mudomo wa nyungu, ulikuwa umekwisha kujua. Ukasema labda. Kisha ukanizunguka kwa unga na kwa milima ya watu wengine, ili nijue bila mutu kuniambia. Uliniheshimu. Najua nani alikufundisha. Mu nyumba hii, mimi nikisema jua inatokea magaribi, watoto wanasema labda, baba, na mama yao anasema tule kwanza. Niliwalea hivyo na nilijisifu kwa hilo. Nilisema watoto wangu hawana mudomo.

Na sasa Assani anakata miti ng'ambo ya muto. Alinipigia juzi kuniambia nguzo zimepatikana. Anaacha shamba lenye alilima na mihogo yenye iko mu maji, kwa sababu ya shimo lenye haliko. Mimi nilimusukuma, sikatai. Lakini labda yako ilinipa nguvu ya kusukuma.

Nilifikiri sana juu ya jambo hili, na nakuambia namna ninavyoliona. Iko labda ya kazi. Hiyo uishike. Kama foto ina wingu, kama hujapata ya pili ya kulinganisha, sema labda, na mwambie mutu ni nini kinakosekana. Hiyo siidharau tena, na nitajaribu kuiweka hata mimi nikieleza ku barza, ingawa inaharibu hadithi. Lakini ile uliyonipa haikuwa ya kazi. Ilikuwa ya heshima, sawa kumuachia muzee kiti. Siku moja utakuwa na foto za Goma mbele yako, na mulima umevimba, na mbele yako wamekaa watu wakubwa wenye hawataki kusikia. Watakuwa na mvi. Watakuita binti. Mumoja wao atakuwa na sauti yangu. Au mulima utakuwa haujavimba, na watu wamekwisha kubeba watoto ku mugongo kwa sababu mutu fulani amepaaza sauti, na itabidi mutu awaambie rudini nyumbani. Ninaogopa kwamba siku ile utatazama chini na kusema polepole lile neno. Kwangu lilikuwa shamba la Assani. Kule nyumba ni nyingi.

Siwezi kukufundisha kwa karatasi. Mutu hajifunzi kumukatalia muzee kwa kusoma, anajifunza kwa kumukatalia muzee. Basi nimetafuta muzee, na nimepata mimi.

Kesho asubuhi, mbele hujapanda pikipiki, pita ku barza. Nimemuambia Sumaili akuje. Aliniuliza kuna nini, nikamuambia mutoto anaaga. Watakuwako wengine pia, wale wote wenye nilijisifu mbele yao, kwa sababu mimi sijisifu mbele ya watu wachache. Utanisalimia, kisha utaniambia Mukonde ni nini. Useme kwa sauti, usiseme ukitazama telefone yako, sema ukinitazama mimi.

Mimi nitakataa. Nakuambia mapema ili usishituke. Nikiona watu wanatazama, damu yangu inapanda na mudomo unakwenda peke yake. Nitasema nilikuwa pale, nitasema maji ya moto, nitasema wewe ni mutoto wa juzi. Labda nitasema hata vibaya kuliko hivyo. Sumaili atacheka na hilo litaniongezea. Wewe usitazame chini. Usimutafute mama yako kwa macho. Sema tena. Nikikataa tena, sema mara ya tatu, sawa sawa na ya kwanza, bila kupunguza. Ninajua kesho yenyewe nitakasirika. Leo, nikiwa nimetulia, ninakupa ruhusa, na ruhusa hii haiondolewi na kitu chochote nitakachosema kesho.

Ukienda, mimi nitashika njia ya Kabambare. Mama yako anasema miguu yangu haiwezi na barabara imekufa. Nitaenda. Assani nilimudanganya kwa telefone, basi telefone haitoshi kumurudisha. Nitasimama mbele ya zile nguzo zake na nitamuambia mwanangu amesema hapana. Lakini ni lazima uwe umesema. Siwezi kwenda kule na kitu chenye nilikiona mwenyewe nikizunguka mukeka. Atauliza: ni wewe umesema tena, muzee?

Kitu kimoja kimebaki, na hiki nakuomba kweli kweli, si kwa ajili ya watu. Nikimaliza kukataa, nikinyamaza, usikimbilie pikipiki. Ngoja kidogo. Nitataka kukuuliza. Kama Mukonde si volkano, kwa nini umesimama peke yake namna ile, wa muviringo, na pande zote tambarare? Ni nani aliuacha pale? Majiwe yake ni ya namna gani, yenye yamekataa kuisha wakati mengine yote yameisha? Na ule mutetemeko, ulitoka wapi, kama si kwake? Nimelala chini ya mulima ule, nimeoga mu maji yake, nimeubeba ku jina langu mpaka uzee huu, na sijauliza mutu hata siku moja. Nilikuwa na jibu.

Dereva wa pikipiki nimekwisha kuongea naye. Atangoja hata jua ikipanda.

Mimi baba yako,
Ramazani